Kutunza Gari Busia na Tororo: Mwongozo wa Mwenye Gari

Injini ya petroli ni pampu ya hewa inayojiendesha kwa moto. Pistoni inaposhuka ndani ya silinda hufyonza hewa iliyochanganyika na petroli, inapopanda huibana, plagi hutoa cheche, mchanganyiko hulipuka na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu, kisha pistoni hupanda tena na kutoa moshi. Hatua hizo nne ndizo zinazozungusha krankishafti, nayo krankishafti huzungusha magurudumu kwa kupitia gia. Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, mwendo wa kawaida wa gari dogo kwenye lami, kila silinda hulipuka mara 25 kwa sekunde moja. Injini ya dizeli hufuata hatua zizo hizo, ila haina plagi za cheche: hewa hubanwa mpaka ikapata joto la kuiwasha dizeli yenyewe.

Sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta haifiki magurudumuni. Theluthi moja hivi ndiyo inayosukuma gari, na mara nyingi hata hiyo haitimii. Iliyobaki hugeuka joto na kutokea kwenye eksozi na rejeta. Ndiyo sababu vitu vingi vilivyo chini ya boneti kazi yao ni kuizuia injini isijiunguze wala kujisaga. Oili hupunguza msuguano, maji huchukua joto, filta huzuia vumbi. Mambo hayo matatu mwenye gari anaweza kuyashughulikia mwenyewe uani kwake kwa spana chache, na ndiyo hayo yanayoua injini nyingi yakipuuzwa.

Historia ya gari la mtumba

Magari mengi madogo yanayopita Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, yalianza maisha yao Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, iliweka kikomo cha miaka 15. Kwa hiyo gari linalotua upande wa Uganda huenda limekwisha tembea karibu mara mbili ya lile la upande wa pili kabla mwenyewe hajalishika usukani. Kitabu chake, kama kimo, kimeandikwa Kijapani, na ratiba iliyo ndani yake ilipangwa kwa ajili ya lami safi. Haikupangwa kwa ajili ya marramu ya gombolola la Masinya mwezi wa Januari.

Bado gari lina maandishi yanayosomeka. Gereji za Japani hubandika karatasi ndogo kwenye fremu ya mlango wa dereva au chini ya boneti kila zinapobadilisha oili. Asiyejua Kijapani anaweza kusoma tarakimu. Nambari ndefu ni kilomita. Tarakimu moja au mbili za mwaka huwa ni za enzi ya mfalme: kwa enzi ya Heisei hujumlishwa 1988, hivyo 28 ni mwaka 2016; kuanzia Mei 2019 enzi ni Reiwa, hujumlishwa 2018, hivyo 3 ni mwaka 2021. Karatasi ikionyesha kilomita 142,000 na dashibodi ikionyesha 86,000, basi saa ya kilomita imerudishwa nyuma na mtu. Tofauti ya 5,000 si neno, kwa kuwa mara nyingi huandikwa kilomita za badiliko linalofuata.

Swali la kwanza la historia hiyo ni mkanda wa taimingi, unaounganisha krankishafti na valvu. Injini nyingi ndogo za Toyota za miaka ya 2000, kama 1NZ-FE iliyomo ndani ya Probox na 1ZZ-FE ya Wish, zina mnyororo, na mnyororo ukipata oili safi hudumu miaka mingi. Injini za zamani kidogo, kama 3S-FE ya petroli na 1KZ-TE ya dizeli iliyotumika kwenye Prado na Hiace, zina mkanda wa mpira ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika katika injini ya dizeli, pistoni hugonga valvu, na gharama yake hukaribia ya injini nyingine. Mkanda usio na ushahidi wa tarehe uhesabiwe kuwa umekwisha. Kuubadilisha ni kazi ya fundi mwenye uzoefu, lakini kujua kwamba upo ni kazi ya mwenye gari.

Vifaa, na jinsi ya kuinua gari

Kwenye gari la Kijapani spana za namba 10, 12 na 14 hufungua karibu kila kitu cha matengenezo ya kawaida. Nati za magurudumu za Toyota huchukua soketi ya 21. Zikiongezwa soketi ya plagi, bisibisi, plaisi, karai la kumwagia oili, tochi na kipimo cha upepo wa tairi, mfuko umetosha.

Jeki ni ya kuinulia tu. Gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake halilaliwi chini yake, hata kwa dakika moja. Stendi za chuma ndizo zinazobeba uzito. Tofali la udongo hupasuka ghafla bila kutoa dalili, na jiwe huteleza. Ardhi ya uani ikiwa laini, hasa masika, ubao mpana na mnene huwekwa chini ya jeki na chini ya kila stendi, na magurudumu yanayobaki chini huzuiwa kwa mawe mbele na nyuma. Nati za gurudumu hulegezwa kidogo tairi likiwa bado limegusa ardhi, kwa sababu likishanyanyuka litazunguka tu.

Oili

Oili hukaa kwenye sampu, chini kabisa ya injini. Pampu huivuta, huipitisha kwenye filta, kisha huisukuma hadi kwenye beringi za krankishafti na juu kwenye valvu. Kati ya chuma na chuma hubaki utando mwembamba kuliko unywele. Utando huo ukikatika, beringi huanza kuchubuka katika muda wa sekunde. Taa nyekundu yenye umbo la birika linalodondosha tone huonyesha kwamba presha ya oili imekwisha, na kwa hiyo ikiwaka safarini injini huzimwa hapo hapo, si kwenye kituo kinachofuata. Anayengoja taa hiyo imkumbushe kuongeza oili amechelewa sana.

Kipimo huchukuliwa gari likiwa mahali tambarare, injini imezimwa kwa dakika tano au zaidi. Kijiti huchomolewa, hupanguswa, hurudishwa mpaka mwisho, huchomolewa tena, na alama ya mara ya pili ndiyo inayosomwa. Oili iwe kati ya alama mbili. Kwenye injini nyingi ndogo umbali kati ya alama ya chini na ya juu ni karibu lita moja. Kujaza kupita alama ya juu nako ni kosa, maana krankishafti huipiga oili ikatoa povu, na povu halilainishi chuma.

Rangi nayo husema. Oili ya petroli hugeuka kahawia kisha nyeusi, na ya dizeli huwa nyeusi baada ya siku chache tu. Hilo ni kawaida, kwani kazi yake ni kubeba masizi. Oili iliyofanana na chai ya maziwa ni habari mbaya: maji ya rejeta yameingia ndani, mara nyingi kwa sababu gasketi ya hedi imeungua. Chembe zinazometameta ni chuma kilichosagwa.

Nambari za kwenye kopo huwachanganya wengi. Katika 5W-30, tarakimu iliyo kabla ya W hueleza jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi sana, na 30 hueleza uzito wake injini ikiwa na joto la nyuzi 100. Huku ambako alfajiri ya Tororo si baridi ya kuogopwa, tofauti ya 5W na 10W haina uzito mkubwa. Nambari ya pili ndiyo ya kuangalia. Kuiwekea injini inayotaka 30 oili nzito ya 50 kwa kuwa “gari ni la zamani” hupunguza moshi kwa muda, lakini oili hiyo huchelewa kufika juu asubuhi, na ni asubuhi ndipo injini inapolika zaidi.

Kubadilisha oili ni kazi ya nusu saa. Injini huwashwa dakika tano ili oili ipate joto na kuchukua uchafu, kisha huzimwa. Gari likishakaa kwenye stendi, nati ya sampu (spana 14 kwa Toyota nyingi) hufunguliwa juu ya karai, na oili huachwa ichuruzike dakika kumi na tano. Filta ya zamani hutolewa, na ni lazima kuhakikisha kwamba raba yake imetoka nayo, kwa sababu raba mbili zikipandana oili yote humwagika barabarani. Raba ya filta mpya hupakwa oili kidogo, filta hufungwa kwa mkono mpaka raba iguse, kisha huongezwa robo tatu ya mzunguko, bila spana. Nati ya sampu hurudishwa na washa mpya na kukazwa kwa kiasi. Sampu ya alumini ikikazwa kwa hasira nyuzi zake huisha. Injini ya 1NZ-FE huchukua lita 3.7 pamoja na filta. Humiminwa lita 3.5 kwanza, injini huwashwa dakika moja, huzimwa, hupimwa, kisha hujazwa kilichopungua.

Kila kilomita 5,000 au miezi sita ni kipindi cha busara katika vumbi la huku, hata kama kopo linadai 10,000. Kopo likishaisha litobolewe kabla ya kutupwa, kwani makopo matupu ya chapa zinazojulikana hununuliwa na wanaoyajaza oili iliyochujwa. Oili chafu hukusanywa kwenye jerikeni. Wengi huipaka kwenye nguzo za ua kuzuia mchwa. Jambo la kuepuka ni kuimwaga mtaroni, kwani mvua ya kwanza huipeleka mto Malaba au mto Sio, na watu wanayanywa maji hayo.

Maji na joto

Tororo na Busia ziko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho maji huchemka kwa nyuzi 96 hivi, wala si 100, na injini ya kisasa hufanya kazi ikiwa na joto la nyuzi 80 hadi zaidi ya 90. Nafasi iliyobaki ni ndogo mno. Kinachoiokoa ni kifuniko cha rejeta. Springi yake hushikilia presha ndani ya mfumo, na presha huinua kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 120. Kifuniko kilichochoka springi au kilichokatika raba hufanya gari zima lichemshe kwenye kilima kidogo, na ni spea ya bei ndogo kuliko zote katika mfumo huo. Hata hivyo gari huweza kubadilishiwa rejeta, pampu na feni kabla mtu yeyote hajakitazama kifuniko.

Maji huzungushwa na pampu kutoka kwenye injini kwenda rejeta na kurudi. Thamostati husimama njiani kama mlinzi wa geti: injini ikiwa baridi hufunga njia, ikifika nyuzi 82 hivi hufungua. Ipo desturi ya kung’oa thamostati na kuitupa ili “gari lisichemshe”. Injini hiyo huchukua muda mrefu kupata joto lake, kompyuta hudhani bado ni asubuhi na kuendelea kumwaga petroli nyingi, na oili hubaki na unyevu. Anayeng’oa thamostati hulipia akiba yake kila anapojaza tangi. Kama gari linachemsha, sababu ni nyingine, na dawa ni kuitafuta.

Sababu ya kwanza kutafutwa ni uvujaji: madoa chini ya gari asubuhi, ukungu mweupe kwenye viungo vya hosi, harufu tamu ndani ya gari. Ya pili ni mapezi ya rejeta kuzibwa na vumbi, mbegu za nyasi na wadudu. Huoshwa kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje, kwani mashine ya kuoshea magari hukunja mapezi na kuziba njia ya hewa. Ya tatu ni feni. Gari linapokimbia, upepo wa barabara unatosha. Linaposimama, feni ndiyo pekee inayopoza. Mwaka 2020, madereva walipokuwa wakisubiri majibu ya vipimo vya korona, foleni za malori za Malaba na Busia zilirefuka makumi ya kilomita, na foleni fupi za siku za kawaida bado zipo. Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa likitembea linamnyoshea kidole feni, fyuzi yake au swichi yake.

Kinachowekwa ndani ya rejeta ni kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, isipokuwa kama kopo limesema imekwisha changanywa. Kulanti haipo kwa ajili ya barafu peke yake: huzuia kutu na kuongeza kiwango cha kuchemka. Maji ya kisima kirefu yana chumvichumvi ambayo huganda ndani ya mirija kama ukoko wa ndani ya birika. Maji yaliyosafishwa yanayouzwa kwa ajili ya betri ndiyo bora, na maji ya mvua yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na mvua ya kwanza hufaa kwa dharura. Rangi ya kulanti si kipimo cha aina yake, kwa hiyo aina mbili zisizojulikana hazichanganywi.

Mshale wa joto ukipanda safarini, kiyoyozi huzimwa na hita huwashwa hadi mwisho, hata kama abiria watalalamika, kwa sababu hita ni rejeta ndogo ya pili. Usiposhuka, gari huegeshwa na kuzimwa. Kifuniko hakiguswi kwa nusu saa au zaidi. Maji yaliyo ndani yana joto linalozidi la kuchemka, na kifuniko kikifunguka hulipuka mvuke usoni. Maji baridi hayamwagwi juu ya injini yenye moto, kwani hedi ya alumini hupinda au kupasuka.

Hewa na vumbi

Kuchoma lita moja ya petroli huhitaji hewa karibu kilo 11, ambayo katika kimo cha Busia ni takriban lita 10,000. Gari linalotumia lita 7 kwa kilomita 100 huvuta basi lita 70,000 za hewa katika safari hiyo, na kama liko nyuma ya lori la miwa kwenye marramu, hewa hiyo ni nyekundu. Vumbi la marramu lina chembe za mchanga ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikipita filta, hufanya kazi ya msasa.

Filta ya hewa hufunguliwa kwa klipu mbili au tatu bila kifaa chochote. Kwa anayeishi kando ya lami, kuiangalia kila kilomita 5,000 kunatosha. Kwa anayetembea marramu kiangazi, kila wiki mbili si mara nyingi mno. Hugongwagongwa taratibu, kisha hupulizwa kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje. Kupuliza kutoka nje huusukuma uchafu ndani ya karatasi, na upepo wa kompresa ya tairi ukikaribishwa sana huitoboa. Filta ya karatasi haioshwi. Ikishikwa mbele ya jua na mwanga usipite, inunuliwe nyingine. Kingo zake za raba zikaguliwe pia, kwa kuwa filta mpya isiyokaa sawa ni mbaya kuliko ya zamani iliyokaa.

Kwa wanaoegesha karibu na viwanda vya saruji vya Tororo, kioo cha mbele kimwagiwe maji mengi kabla ya waipa kuwashwa. Vumbi hilo likipata umande na kusuguliwa huchora kioo.

Mafuta

Bei za mafuta hutofautiana pande mbili za mpaka, na tofauti hiyo imelisha biashara ya jerikeni tangu zamani. Neno magendo halihitaji kufafanuliwa Busia. Shida ya mafuta ya jerikeni kwa injini ni kutojulikana yamechanganywa na nini. Mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko petroli na dizeli, hivyo yakawa kichanganyio kilichopendwa, hata Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuua faida ya wachanganyaji. Mafuta ya taa ndani ya petroli huwaka kabla ya wakati wake: injini hugonga ikipanda mlima, plagi hushika masizi, nguvu hupungua. Jaribio la nyumbani ni tone moja kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka yote baada ya dakika chache; ikibaki doa la mafuta, kuna kitu kingine ndani.

Kwenye dizeli adui ni maji. Magari mengi ya dizeli yana kikombe cha kutenganisha maji chini ya filta, chenye skrubu ya kuyatolea, na maji hayo hutolewa kila mwezi, na mara tu taa yake inapowaka. Kwa gari la petroli lenye pampu ndani ya tangi, kuzoea kutembea na robo tangi au zaidi huokoa pampu, maana petroli inayoizunguka ndiyo inayoipoza.

Plagi na betri

Plagi hufunguliwa injini ikiwa baridi, baada ya kupuliza vumbi lililozunguka shimo, la sivyo linaanguka ndani ya silinda. Ncha ya kahawia iliyopauka ni ya afya. Masizi makavu meusi yanaonyesha petroli imezidi au hewa imepungua. Unyevu wa oili ni dalili ya ringi au sili za valvu zilizochoka. Ncha nyeupe iliyovimba imepata joto kupita kiasi. Plagi za kawaida hubadilishwa kila kilomita 20,000, na za iridiamu hufika 100,000. Nambari mbili za mwisho za plagi nyingi za Denso na NGK hueleza pengo la cheche: 11 ni milimita 1.1. Plagi hurudishwa kwa vidole mpaka zigote, ndipo soketi ikaze kidogo.

Betri yenye afya husoma volti 12.6 gari likiwa limezimwa tangu usiku, na 12.2 ni nusu tu. Injini ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.4, pungufu ya hapo alteneta au mkanda wake una shida. Ukungu wa kijani au mweupe kwenye ncha huoshwa kwa maji ya moto yenye magadi. Waya wa hasi hutolewa kwanza na kurudishwa mwisho.

Breki

Mguu ukikanyaga pedali husukuma mafuta ya breki, nayo hubana pedi kwenye diski za mbele na, kwa magari mengi madogo, hutanua viatu ndani ya madramu ya nyuma. Kiwango cha mafuta hayo hushuka polepole pedi zinapolika. Kikishuka ghafla kuna uvujaji, na gari haliendeshwi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Aina iitwayo DOT 3, ikiwa mpya, huchemka kwa nyuzi 205 au zaidi. Ikishanyonya maji kiwango hicho cha kuchemka huweza kushuka hadi 140, na yanayochemka hutoa mvuke unaobonyea, pedali ikazama hadi sakafuni. Kwa hiyo hubadilishwa kila miaka miwili. Oili ya injini haiwekwi humo kamwe, hata tone, kwani huvimbisha raba zote za mfumo.

Unene wa pedi huonekana gurudumu likitolewa. Zikibaki milimita 3, wakati wa mpya umefika. Mlio mwembamba unaokatika ukikanyaga breki, au unaoanza, mara nyingi ni kijibati kilichowekwa makusudi kigusane na diski pedi zinapokwisha. Mkwaruzo mzito ni chuma kwa chuma.

Gia

Hapa kazi ya mwenye gari ni kutokosea oili. Gia za otomatiki za kawaida na zile za mkanda, zinazoandikwa CVT, hutumia oili tofauti kabisa, na oili ya moja huiua nyingine. Jina la oili huwa limeandikwa kwenye kijiti au kwenye mfuniko wake. Iliyo nyeusi na yenye harufu ya kuungua imeshachelewa.

Miguu ya gari

Barabara za mashimo huanzia kwenye bushi na boljointi, kisha hupanda shokamzoba. Mlio wa ko-ko kwenye mashimo madogo huwa ni wa linki au bushi. Shokamzoba iliyolowa oili imekufa. Kilicho muhimu kutazama kila mwezi ni buti za raba za draivshafti, nyuma ya magurudumu ya mbele. Buti likipasuka grisi hutoka, vumbi huingia, na baada ya wiki chache gari huanza kutoa mlio wa tak-tak-tak likikata kona. Buti ni raba tu. Kiungo kizima ni gharama nyingine.

Presha ya tairi imeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, kwa kPa. Kila 100 ni sawa na 14.5 za kipimo cha vituo vya huku, kwa hiyo 230 ni 33. Hupimwa asubuhi kabla ya safari, kwa sababu tairi lenye joto husoma zaidi. Gari la mizigo huwa na nambari mbili, ya tupu na ya shehena, na Probox iliyobeba magunia inastahili ya pili. Idadi ya abiria ambao Probox hubeba siku za soko haimo kwenye kibandiko chochote. Umri wa tairi husomwa ubavuni, katika tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na DOT: 1522 ni wiki ya 15 ya mwaka 2022. Wauzaji wa tairi za mitumba husifu kashata zilizobaki, wakati raba ya miaka 10 hupasuka hata ikiwa na kashata nzuri. Ndani ya mifereji kuna vinundu vya milimita 1.6, kashata ikilingana navyo, tairi limekwisha, na kwenye matope ya Aprili lilikuwa limekwisha mapema zaidi. Tairi la akiba hupimwa pamoja na mengine.

Yasiyoguswa uani

Mifuko ya hewa ya usukani, gesi ya kiyoyozi na pampu ya dizeli yenye presha kubwa huachiwa wenye vifaa. Magari ya haibridi, ambayo yanazidi kuingia, yana nyaya za rangi ya chungwa zenye volti zaidi ya 200 kutoka kwenye betri kubwa. Nyaya hizo hazifunguliwi wala kukatwa hata gari likiwa limezimwa. Filta ya feni inayopoza betri hiyo, ambayo mara nyingi iko ubavuni mwa kiti cha nyuma, ndiyo pekee anayopaswa kuisafisha mwenye gari, na vumbi la marramu huiziba haraka. Kwa kazi nyingine zote zinazofanyiwa gereji, mwenye gari ana haki ya kuomba arudishiwe spea iliyotolewa, na asubuhi inayofuata apime oili na maji kabla ya kuwasha injini.